Pua ya Munji na Pikipiki Iliyovuja

Mtaa mzima ulijua kwamba pikipiki ya Munji inavuja petroli, isipokuwa Munji mwenyewe. Angekuwa mtu mwingine, wangemcheka siku moja wakasahau. Lakini Munji alikuwa mwonjaji wa mafuta ya zeituni, na kwa miaka thelathini na moja watu wa mji wa Sfaksi waliapa kwa pua yake. Walisema akinusa glasi ya mafuta anakutajia shamba, wiki zeituni zilipochumwa, na kama mwenye shamba kagombana na mkewe. Hilo la mwisho lilikuwa limetiwa chumvi, ila yeye hakuwahi kulikanusha.

Sasa pua hiyo ilikuwa imekufa. Mafua ya Februari yalimlaza siku tisa, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote: samaki, sabuni, kahawa, mvua. Hakumwambia mtu, hata mkewe Rafika. Msimu wa kukamua ulikuwa mbali, naye akajipa moyo kwamba itarudi. Novemba ikaingia, kinu cha Haji Slimani kikaanza kusaga, pua haikurudi. Siri ikitoka tu, kile kiti cha mwonjaji pale kinuni, alichoachiwa na baba yake, kingekaliwa na mwingine kabla hakijapoa. Munji aliogopa mchana kutwa, na alipochoka kuogopa alinunua pikipiki.

Aliinunua mnadani Jumapili, nyekundu, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Muuzaji, masikini, alitaka kusema kweli.

"Bwana, hii harufu kidogo unayoisikia..."

"Harufu gani?" Munji akamkatiza. "Unamfundisha nani harufu wewe?"

Muuzaji akanyamaza kwa furaha kubwa.

Nyumbani, Rafika alikuwa amepanga uani akiba yake ya mwaka, mitungi ya kuskusi, zile chenga za ngano, na pilipili ya kusaga, kazi ya majira yote ya joto. Pikipiki ilipoingia akatoka jikoni ameziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Munji! Umenifungulia kituo cha mafuta uani?"

"Inapumua tu. Pikipiki ikitoka safarini lazima ipumue."

"Inapumua? Hiyo inakata roho! Kuskusi yangu ikinuka petroli utaila wewe peke yako mpaka mwakani. Ipeleke kwa fundi."

Kwa fundi hakukuendeka. Swali la kwanza la fundi lingekuwa: Bwana Munji, na pua yote hiyo, hukuisikia? Kwa hiyo alitangaza kwamba mwanamume wa Sfaksi anayelipa fundi kwa kazi ya bisibisi amewaaibisha babu zake. Jumamosi asubuhi, baada ya kifungua kinywa, akavaa shati bovu na kuweka kigoda kando ya pikipiki.

"Chombo changu kisiguse petroli," Rafika alisema kutoka mlangoni. "Sufuria, bakuli, kifuniko. Vyote nimevihesabu."

Kutafuta mvujo bila pua kunataka akili, na akili Munji alikuwa nayo. Akatandika vipande vya gazeti chini: kimoja chini ya tangi, kimoja chini ya mpira wa kupitishia petroli, kimoja chini ya kabureta. Kisha akajiwekea birika kwenye jiko la mkaa, hatua tatu kutoka hapo, akakaa kusubiri. Gazeti la tangi likabaki kavu. La mpira, kavu. La kabureta likalowa polepole, naye akalitazama kwa fahari, jinsi lilivyokuwa likilowa.

Rafika alipotoka na kuliona jiko, alilinyakua kwa mikono miwili, birika na makaa yake, akapanda nalo darini mbio kama msichana wa miaka kumi na sita. Aliposhuka alikuwa anahema.

"Unataka tuage dunia na kuskusi ikiwa haijaliwa?"

"Nilikuwa karibu kuliondoa," Munji alisema.

Rafika alimtazama kwa muda mrefu, kisha akarudi jikoni.

Munji akafunga koki ya tangi, akafungua skrubu nne za kikombe cha kabureta. Ndani mlikuwa na petroli ya kumwagwa, na vyombo vya jikoni vimekwisha pigwa marufuku. Basi akachukua glasi yake mwenyewe ya kuonjea. Waonjaji hutumia glasi za buluu iliyokoza, ili macho yasione rangi ya mafuta na kuihonga pua. Alikuwa nazo mbili. Akamimina petroli katika moja, akaifunika kisahani, akaiweka juu ya kigoda. Mvujo nao ukajulikana: kile kisindano cha kuzuia petroli, kinachosukumwa na boya, kilikuwa kimekwamishwa na chembe ya kutu, petroli ikawa inafurika na kujimwagia chini. Akakisafisha kwa kitambaa, ameridhika na nafsi yake.

Hapo hodi ikapigwa. Alikuwa Haji Slimani, mwenye kinu, tumbo limemtangulia na kichupa kimefichwa ndani ya koti kama mtoto mchanga.

"Salaam aleikum. Loh, petroli! Lakini niwie radhi, Bwana Munji, nisingekusumbua nyumbani. Mkamuo wa jana huu. Wanunuzi wanakuja kesho, nami silali mpaka nisikie neno lako."

Munji akaonyesha mikono yake michafu. Alikwenda kunawa mikono, akanawa kwa muda ambao daktari wa upasuaji angeuona mrefu. Huku nyuma Rafika, kwa heshima ya mgeni, akatoa glasi ya pili kabatini, akaimiminia mafuta ya kichupa, akaifunika kisahani, akaiweka juu ya kigoda kile kile, akaenda kuleta kahawa.

Munji akarudi, akachukua glasi. Akaipasha joto kiganjani, akaizungusha mara tatu, akaondoa kisahani, akatumbukiza pua na kufumba macho. Machozi yakamtoka. Akashukuru: mafuta yanayoliza ni mafuta ya kweli.

"Haji, haya yana nguvu."

"Nguvu ya nini? Sema, ndugu yangu."

"Lozi mbichi. Majani ya nyanya yaliyofikichwa. Na nyuma kabisa, kwa mbali... tini."

"Tini!" Haji akajipiga paja. "Wallahi nilimwambia mwanangu jana, mimi hapa nasikia tini!"

Munji akainua glasi mdomoni.

"Usinywe!" Rafika alitokea jikoni, akatupa sinia, kahawa ikaruka, akamshika mkono. "Petroli hiyo! Mafuta yamo kwenye hii nyingine!"

Haji Slimani akaipokea glasi, akanusa, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Petroli," alisema. "Bwana Munji, petroli ina tini?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Munji aliumbuliwa na glasi.

"Anakutania, Haji," Rafika alisema haraka. "Si unamjua huyu na mizaha yake?"

"Aa, mizaha!" Haji akacheka kidogo, bila kucheka. "Haya basi, mafuta yenyewe haya. Niambie."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ilibaki kutaja tena lozi. Munji akanusa glasi ya pili, akanusa tena kwa nguvu zake zote, na mlikuwa mtupu ndani ya pua yake. Akawaza wanunuzi wa kesho, na mwaka mzima wa Haji unaoning'inia kwenye neno la mwongo. Akaiweka glasi chini.

"Haji, sisikii harufu yoyote. Tangu Februari. Sisikii petroli, sisikii mafuta, sisikii hata harufu ya mke wangu."

Haji akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha Rafika akaichukua glasi ya mafuta, akanusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Haya yananuka soksi."

"Bi Rafika!"

"Soksi za mwanafunzi, siku ya Ijumaa. Zeituni zimelala siku ngapi kwenye magunia?"

Haji akatazama viatu vyake. "Tano. Lori liliharibika."

Munji akainua kichwa. "Zimechachukia guniani. Ukiwapa kesho watakurudishia, na jina lako litarudi nayo. Pipa hilo litenge. Waonyeshe mkamuo wa Jumatano."

Haji akamtazama mume, akamtazama mke. "Mama ana pua, baba ana ujuzi. Nami nina kiti kimoja tu."

"Leta cha pili," Rafika alisema. "Na kiwe na mto."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Waambie utakalo. Ukimtangaza mume wangu, nami nitatangaza ni nani aliyesikia tini."

Haji Slimani akacheka mpaka ndoo ikalia chini yake. Kesho saa mbili asubuhi, alisema akitoka, wote wawili, wasichelewe.

Uani pakatulia. Munji aliokota vikombe vilivyovunjika, hamtazami mkewe.

"Ulijua?"

"Tangu Ramadhani. Supu iliungua mpaka majirani wakabisha hodi, wewe ukaomba bakuli la pili."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniambie mwenyewe." Alifuta macho kwa mtandio. "Nimengoja sana, Munji. Imeniuma."

Aibu ilimjaa Munji, na ndani ya aibu mlikuwa na nafuu ambayo hakuitarajia. Akarudisha kisindano mahali pake, akakaza skrubu nne, akafungua koki, akatandika gazeti jipya. Wakasubiri pamoja. Gazeti likabaki kavu. Lakini gazeti ni gazeti.

Kwa miaka thelathini na moja watu walimletea vitu avinuse. Yeye hakuwahi kumwomba mtu.

"Rafika," alisema, "njoo uninusie."

Akainama, akanusa kabureta, mpira, tangi, taratibu, kila mahali mara mbili.

"Hakuna petroli," alisema.

"Kuna nini basi?"

Rafika akasimama, akavuta hewa. "Kahawa uliyonimwagisha. Mkate kwa jirani, umeanza kuungua. Na upepo unatoka kinuni, una zeituni."

Munji akafumba macho.

"Endelea," alisema.