Damu Hai ya Mzee Jabiri

Kwa miaka ishirini na miwili Tekla alikuwa akiua seli za watu, na alijivunia. Ndiyo kazi ya mpima malaria: tone la damu kwenye slaidi, likauke, methanoli ya kuziua seli zigande, rangi, hadubini. Seli ikiwa hai itakusumbua tu, alikuwa akituambia. Serikali ilipompunguza kazini, zahanati yetu ya binafsi hapa Temeke ikamchukua. Mimi nilikaa mapokezi, na nakiri alinichosha kwa kujisifu.

Mwaka 1998 Daktari Lusungu alirudi kutoka masomoni na kichupa ndani ya barafu. Humo, alisema, mna nyuzi fupi za DNA zilizokunjwa zikajifunga zenyewe. Uzi ukiingia ndani ya seli hai ukakutana na ujumbe wa ugonjwa, unakunjuka na kutoa mwanga wa kijani. Usipokutana nao, giza. Tekla akauliza mara tatu, "Seli iwe hai? Hai kabisa?" Alikuwa kama mtu aliyeambiwa apike wali bila moto.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Mzee Jabiri, mpagazi mstaafu wa bandarini, aliyekuwa akikonda na kutoka damu kwenye fizi. Alitaka kujua jambo moja tu: ni saratani ya damu au siyo.

Tekla aliandaa slaidi, ikawa giza tupu. Lusungu akamwambia hakuna dalili yoyote, na mzee akanishika mkono kwa furaha hadi ukauma. Nikamwona Tekla mlangoni, amekodolea macho chupa ya methanoli iliyo wazi mezani. Mkono wake ulikuwa umefanya kazi yake ya siku zote, mwenyewe hana habari.

Nilitamani anyamaze, mzee wa watu aende na furaha yake. Lakini alimfuata hadi getini, nami nyuma yao.

"Mzee wangu, nisamehe. Lile giza ni langu. Niliziua seli zako kabla hazijapimwa."

"Sasa mie mzima au mgonjwa?"

"Sijui, baba."

"Daktari kasema mzima!"

"Daktari naye hajui."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Nyie mnanichanganya," alisema. Akarudi kitini, akakunja mkono wa shati. "Haya, chota. Ila safari hii usiniue."

Tekla aliniambia niishike chupa ya methanoli nisiiachie hata akiniomba. Akaandaa slaidi, akaweka tone kutoka kichupa cha Lusungu, akasubiri, akainama kwenye hadubini.

"Ziko hai!" alipiga kelele, akapiga makofi. "Zinawaka! Zote kijani!"

Kisha mikono ikabaki hewani. Nami ndipo nilipokumbuka mwanga ule maana yake nini.

Nje ya mlango Mzee Jabiri alikuwa ameyasikia makofi. "Alhamdulillahi," alisema, akaanza kuvaa viatu.