Miraba ya Maame Tiwaa

Kwasi Amponsem anatengeneza mabango ya misiba pale Bantama, Kumasi, katika kibanda cha bati kinachogusana na changu. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kushika brashi, kuandika herufi zisizolala upande, kuchanganya rangi ya ngozi ya mtu mpaka jamaa zake wakiiona wanyamaze. Akakaa miaka miwili, akanunua kompyuta iliyokwishatumika, akaniambia, "Mzee, rangi inachelewa kukauka." Tangu hapo mimi naandika "Nyumba hii haiuzwi" kwenye kuta za watu wanaogombea urithi, na yeye anawapeleka marehemu wa mji huu mbinguni.

Zamani mtu akifa nilikwenda kwao. Nilikaa uani, nikaletewa maji, nikauliza alikuwa anachekaje. Siku hizi familia inaleta kadi ya kupigia kura, na Amponsem anachukua kichwa tu. Mwili anaununua kwenye intaneti: mwili wa mwanamke aliyekwisha kuvikwa kitambaa cha kente na dhahabu, ameketi kwenye kiti cha kifalme, hana kichwa na hana mahali alipo.

Nyuma ya mwili huo hapana kitu. Kwa kuwa kompyuta haiwezi kukuonyesha kisichokuwepo, inatandaza miraba midogo, mweupe na wa kijivu, mweupe na wa kijivu, kote nyuma. Miraba hiyo haipo. Ni alama tu ya kusema: hapa pako wazi, weka unachotaka, mawingu, njiwa, lango la dhahabu. Lakini ukiihamisha picha ovyo, ukaihifadhi kama faili la JPEG badala ya PNG, ule uwazi unajazwa weupe, na marehemu anaingia mbinguni ndani ya kisanduku kama kipande cha mkate. Wapo pia wajinga wanaookota picha za bure zilizochorwa miraba hiyo ndani yake kweli, wakaichapa vivyo hivyo, wasijue. Mabango ya namna hiyo yamejaa mjini. Ya Amponsem hayakuwa hivyo kamwe. Mafundi wenzake walimwita Fundi Uwazi, na ingawa inaniuma kusema, alistahili.

Hakuwa na jina lingine. Kwa wakwe zake alikuwa si chochote. Alimwoa Akua Fremah miaka sita iliyopita, na kila msiba wa ukoo alikalishwa kwenye turubai la wageni, pamoja na majirani na madereva. Mkwe mwenzake yuko Hamburg na hutuma vitu. Kwa hiyo mama mkwe, Maame Tiwaa, alipofariki akiwa na miaka themanini na mmoja, mkwe wa Hamburg akatuma jeneza lenye vioo. Mkuu wa ukoo, Opanin Dapaa, kaka wa marehemu, akamgeukia Amponsem mbele ya watu wote.

"Na wewe, bwana picha? Utaleta nini?"

"Nitaleta bango, Opanin."

"Bango!" Watu wakacheka. "Haya. Likimfaa dada yangu, utatangazwa na utakaa na wakwe. Lisipomfaa, turubai lako unalijua."

Usiku ule Akua alimwambia maneno machache tu. Nilipata kuyasikia baadaye kwa Amponsem mwenyewe: "Kwasi, nimechoka kukaa peke yangu mbele kama mjane. Mfurahishe yule mzee."

Amponsem akafanya kazi siku tatu. Akapata kiti cha kifalme, akapata mwili, akakikata kichwa cha Maame Tiwaa unywele kwa unywele. Mikono ya Maame Tiwaa, iliyobeba marobota ya vitambaa sokoni miaka arobaini, haikuwemo kwenye kadi. Badala yake akapewa mikono ya binti ambaye hajawahi kushika mchi wa kutwangia fufu. Nilidhani ukoo utapiga kelele. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mikono.

Opanin Dapaa alikuja asubuhi kutazama kabla mawingu hayajawekwa. Akainama mbele ya kompyuta, akavaa miwani.

"Mm," akasema. "Hicho kitambaa cha nyuma ni kizuri."

"Si kitambaa, Opanin. Hapo hapana kitu."

"Hapana kitu vipi na mimi nakiona?"

"Hiyo miraba ni alama. Inaonyesha kwamba nyuma yake pako wazi."

Mzee akavua miwani. "Dada yangu kauza vitambaa soko la Kejetia maisha yake yote. Halafu unaniambia nyuma yake hapana kitu?"

"Sina maana hiyo..."

"Nyeupe na kijivu. Ndiyo heshima ya mtu aliyekula miaka yake akashiba. Kumbe una akili, bwana picha, ila hujui uliyofanya." Akatoa simu, akaipiga picha kompyuta, akaituma kwa ukoo mzima. "Hiki ndicho kitambaa cha msiba wetu."

Kabla ya adhuhuri wanawake wa ukoo walikuwa wameshaingia sokoni na simu mkononi. Kitambaa cha miraba myeupe na kijivu kilipatikana, kwa sababu ni sare ya shule moja ya msingi. Wakakimaliza chote. Mafundi cherehani wakashona mchana kutwa. Mwalimu mmoja alipita akauliza ni shule ipi imefiwa.

Amponsem, naye, akaendelea na kazi kama alivyozoea. Akaihamisha picha vizuri, uwazi ukabaki uwazi, akaweka mawingu na lango, akachapa nakala ndogo ya kuonyesha, akaipeleka. Niliiona. Ilikuwa safi mno. Sikumwambia.

Opanin aliishika kwa vidole viwili. "Kitambaa kiko wapi?"

"Opanin, hakikuwepo tangu mwanzo."

"Watu arobaini wameshashona. Wamevaa kitu ambacho hakikuwepo?"

"Wamevaa sare ya shule, Opanin."

Akua alikuwa mlangoni. Akashika kichwa.

"Umemvua nguo dada yangu," mzee akasema polepole. "Irudishe, au kakae na madereva."

Amponsem akarudi kibandani akakaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Nikaingia na kigoda changu.

"Mzee, nikiichapa ile miraba, mji mzima utasema sijui kazi. Watasema nimeokota picha ya bure. Miaka saba, sijawahi kuacha hata mraba mmoja."

"Si ni kuibonyeza tu irudi?"

"Hairudi! Ukihamisha vizuri haiendi kokote. Ili ionekane, lazima niichore mwenyewe. Mmoja mmoja."

"Basi chora," nikamwambia. "Nilikufundisha kuchora."

Akanitazama vibaya. Kisha akachora. Nilikaa pale nikamwona Fundi Uwazi akipaka kitu mahali pasipokuwa na kitu, mweupe, kijivu, mweupe, kijivu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Kwa mara ya kwanza tangu aache brashi, kazi yake ilichelewa kukauka.

Jumamosi bango la urefu wa mita nne lilisimama uwanjani. Ukoo ukaketi mbele yake, wote kwa miraba, na ukiwa mbali hukuona watu. Uliona vichwa arobaini vikielea hewani, na kichwa cha Maame Tiwaa juu yao. Mpiga picha aliondoka na kurudi mara tatu, akilalamika kwamba kamera haijui pa kulenga.

Mtangazaji akaita: "Mkwe, Kwasi Amponsem, aliyeleta bango!" Amponsem akasimama kwa sare ya shule. Akasalimu wazee kuanzia kulia, kama inavyotakiwa, akapelekwa kwenye viti vya wakwe.

Hapo ndipo mafundi wenzake walipofika, wanne, kutoka mitaa ya Asafo na Suame. Wakalitazama bango, wakatazamana.

"Fundi Uwazi!" mmoja akapaza sauti. "Umesahau kufuta nyuma!"

"Picha ya bure hiyo," mwingine akasema. "Jamani, hata yeye!"

Wakacheka wakishikana mabega. Opanin Dapaa akageuka kwenye kiti chake. "Wanasemaje hawa? Umesahau kufuta nini?"

Amponsem akamgeukia mzee. Sentensi moja tu ingemrudishia jina lake mjini, na angeisema vizuri, maana anajua kueleza.

"Wanasifia kitambaa, Opanin," akasema.

Akasogeza kiti chake kidogo, Akua akapata nafasi ya kukaa. Mafundi waliendelea kucheka mpaka ngoma zikaanza.