Kurasa za Misri Ambazo Sikuzikata

Mke wangu aliusikia mkasa huu sokoni kabla hajausikia kwangu. Ulikuwa mwaka wa pili wa ndoa yetu, akarudi na samaki na pondu, majani ya muhogo, akaweka kikapu chini, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye yule karani aliyewaaibisha mababu zake mbele ya wazungu. Nikasema ndiyo, ni mimi. Akaenda kutwanga pondu yake, na mimi nikabaki mlangoni nikijua kwamba hata nikihamia Bukavu kuna mtu atakayenifuata na habari ile mdomoni. Bon, basi nitawaeleza mwenyewe, angalau mkinicheka mnicheke kwa yale yaliyotokea kweli.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakitutawala na mji wetu ukiitwa Stanleyville. Nilikuwa karani wa bohari pale bandarini, nina miaka ishirini na sita, suruali mbili za kupigwa pasi, na miwani (macho yangu hayakuwa na ugonjwa mkubwa, lakini miwani ilinipendeza). Nilikuwa mwanachama wa cercle, yaani ule umoja wetu makarani na walimu tulioitwa évolués, watu waliokwisha kuendelea, tuliokuwa na ukumbi wenye viti vya kutosha na kabati moja la vitabu, na mara kwa mara Jumapili mchana mgeni alikuja kutusomea conférence, hotuba ndefu, nasi tukipiga makofi hata pale ambapo hatukuelewa. Tena nilikuwa nimeomba ile carte ya serikali, karatasi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mtu aliyestaarabika. Ukishaomba, watu wa tume wanakuja nyumbani kwako kuangalia kama unakula kwa uma na kama kitanda kina shuka, donc, basi, miezi ile yote nilikuwa naishi kama mtu anayetazamwa hata akioga.

Na papa yangu, baba yangu mzazi, alikuwa mvuvi. Sisi ni Wagenia, watu wa maporomoko, na papa alikuwa mmoja wa wale wanaosimamisha miti mirefu katikati ya maji yanayokimbia, wakaifunga kwa kamba zinazokatwa msituni upande wa Masako, wakaning'iniza vikapu vikubwa vya kutegea samaki. Kifaransa hakujua hata cha kusalimia.

Sasa, rais wa cercle yetu alikuwa mwalimu mmoja kutoka Maniema, tulimwita Papa Hilaire kwa heshima, mtu wa upole na sauti ya chini. Siku moja akatutangazia kwamba Profesa kutoka Ubelgiji atapita mjini, atatuzungumzia asili ya dini na ustaarabu wa kale. Akatueleza kwamba wenye elimu wa Ulaya wanagombana sana juu ya jambo hili: wapo wanaosema kila kitu kilianza Misri kikasambaa duniani kote, wapo wanaosema hapana, kilianza Babeli kati ya ile mito miwili, na wapo wanaosema kila taifa lilijitafutia lenyewe Mungu wake na ufundi wake. Profesa alikuwa ameandika kitabu juu ya ugomvi huo, na nakala moja ilikuwa imeletwa kwetu.

"Nataka mutu mmoja akisome," alisema Papa Hilaire, "halafu siku ile asimame atoe jibu letu. Wakubwa wa serikali watakuwa pale."

Nilisikia neno wakubwa nikaiona carte yangu, mkono ukapanda wenyewe.

Nikakipeleka kitabu nyumbani, nikavaa miwani, nikakifungua, na hapo ndipo mambo yote yalipoanza kuharibika. Kurasa zilikuwa zimeshikana. Vitabu vya Kifaransa siku zile vilikuja hivyo kutoka kiwandani, karatasi zimekunjwa na hazijakatwa pembeni, na msomaji ndiye aliyetakiwa kuchukua kisu akazikata mwenyewe. Kila mtu aliyewahi kununua kitabu kipya alijua hivyo. Mimi sikuwahi kununua kitabu kipya. Nilidhani pengine kimeharibika, au pengine zile kurasa zimefungwa makusudi na si ruhusa kuzifungua, na nikajiona nikikirudisha kitabu kimekatwakatwa na mzungu anaandika kwenye faili yangu kwamba huyu anaharibu mali. Swali moja tu kwa Papa Hilaire lingeniokoa. Lakini kuuliza ilikuwa ni kukiri kwamba sijui kitabu kinafunguliwaje, na mtu anayeomba carte anawezaje kukiri jambo kama hilo?

Donc nikasoma zile kurasa zilizosomeka. Mbili hapa, mbili kule, na zile za ndani nikazipuliza zikatanuka kidogo, nikachungulia kama mtu anayechungulia ndani ya mkono wa shati. Sura ya kwanza niliipata karibu yote. Ilisema kwamba mtu wa msituni hakuvumbua kitu, kwamba jina la Mungu aliletewa, jembe aliletewa, hata mtego wa samaki aliletewa, na wageni waliotoka Misri wakapita wakifundisha. Iliniuma, siwadanganyi. Lakini ilikuwa imepigwa chapa, kwa Kifaransa kizuri mno, na nikajiambia kwamba ukweli ndivyo ulivyo, unauma. (Tena, na hili nalisema kwa shida, kulikuwa na sehemu ya moyo wangu iliyofurahi, kwa sababu kama elimu yote ilitoka mbali, basi mimi mwenye miwani nilikuwa karibu nayo kuliko jirani zangu.)

"Umekisoma chote?" Papa Hilaire aliniuliza wiki ile ya mwisho.

"Chote. Mara mbili."

Na kama vile haitoshi, nikamwambia nitasema kwa Kifaransa halafu nirudie kwa Kiswahili ili wazazi wetu nao wafaidike, kwa sababu nilitaka papa anisikie. Nilimwendea mwenyewe kumwalika. Akaazima koti la katekista jirani yake, mikono mifupi, akaja mapema kuliko wote akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia juu ya magoti, na wavuvi wenzake wawili kando yake.

Profesa alizungumza saa nzima. Alikuwa mzee mwembamba, na wale waliomsikiliza waliniambia baadaye kwamba alizungumza vizuri. Mimi sikumsikiliza. Nilikuwa narudiarudia jibu langu kichwani, natafuta mahali pa kuvuta pumzi, na maneno yake yalipita juu yangu, Misri, Babeli, makuhani, nyota. Laiti ningesikiliza dakika kumi tu ningekaa kimya nikasingizia tumbo.

Papa Hilaire akaniita. Nikapanda na kitabu mkononi, nikakishika kifuani ili kionekane, nikaanza. Nikasema kwamba tunamshukuru Profesa kwa kutufumbua macho, kwamba amethibitisha bila shaka yoyote kwamba sisi hatukuwa na chochote kabla ya Misri, na nikayataja yote, jina la Mungu, jembe, mtego. Wazungu wa mbele walitazamana. Nikadhani wanastaajabia Kifaransa changu, nikapandisha sauti. Halafu nikageukia mabenchi ya nyuma nikayasema yaleyale kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, nikimtazama papa. Nikasema mababu zetu walikaa kando ya mto huu bila Mungu na bila akili ya kutega samaki, mpaka mgeni alipokuja kuwaonyesha. Wale wavuvi wawili wakainamisha vichwa. Papa hakuinamisha, aliendelea kunitazama.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Profesa akainuka, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Monsieur, hayo umeyasoma wapi?"

"Katika kitabu chako, Profesa. Sura ya kwanza."

"Ndiyo. Sura ya kwanza nimeyaeleza maoni ya wale ninaowapinga. Na katika sura ya pili?"

Akanyoosha mkono, nikampa kitabu, sikuwa na namna nyingine. Akakifungua, akajaribu kugeuza ukurasa, ukurasa haukugeuka. Akajaribu mwingine. Nadhani hakutaka kuniumiza, mshangao ulimtoka tu, akakiinua kitabu juu na watu wote wakaziona zile karatasi zilizoshikana.

"Lakini hakijakatwa," alisema.

Walicheka. Kwanza wazungu wa mbele, mmoja akafuta macho kwa leso, halafu wenzangu wa cercle, ambao nadhani walicheka zaidi ili wasionekane wako upande wangu. Jasho lilinishuka mpaka ndani ya viatu. Na bado hapo nilikuwa naweza kupona, kweli, mtu anachekwa wiki mbili tatu yakaisha. Kilichoniua ni kilichofuata.

Kicheko kilipopungua papa akasimama kule nyuma. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya wazungu kwa hiari yake.

"Mi naomba kuuliza," alisema. Akaniita kwa jina. "Anselemi, papa yangu alinionyesha kufunga miti katikati ya maji. Yeye, papa yake alimuonyesha. Sasa ule mutu wa Misri alisimama juu ya jiwe gani? Na kama hatukukuwa na Mungu, siku maji inabeba mutoto, mama yake alikuwa analilia nani?"

Profesa akanigeukia, anasubiri. Wakubwa wote wananisubiri. Mimi ndiye niliyejitolea kuwa mkalimani, kumbukeni. Na nikaona, kwa akili ile ya mtu anayezama, kwamba nikiyatafsiri yale maneno nitakuwa mtoto wa yule mzee wa koti fupi anayebishana na Profesa, na carte itakuwa imekwenda kabisa. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kifaransa, "Baba yangu anamshukuru Profesa kwa mafundisho yake mazuri."

Profesa akatabasamu, akamwinamia papa kidogo kwa heshima. Wazungu wakatikisa vichwa, vizuri, vizuri. Papa aliona vile vichwa vinavyotikisika, akanitazama mimi, akawatazama tena wao, na mtu hahitaji kujua Kifaransa kufahamu kwamba hakuna anayetikisa kichwa namna ile akiwa ameulizwa swali.

Papa Hilaire naye alikuwa amekaa palepale mezani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yake. Alinyanyuka taratibu, hakunitazama.

"Pardon," alisema. "Sivyo alivyosema mzee." Akayatafsiri yote, mti, jiwe, mama na mtoto, kwa Kifaransa kizuri kuliko changu.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Profesa akateremka kutoka jukwaani akapita katikati ya viti mpaka nyuma, akachukua daftari yake, akaanza kumwambia papa kwamba hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe amekuwa akiwauliza wenzake Ulaya, na kama mzee atakubali angependa kwenda naye mtoni aone ile miti. Papa Hilaire alimfuata akitafsiri. Papa akasikiliza mpaka mwisho.

"Umwambie asante," alisema. "Lakini mi nilimuuliza mutoto yangu. Sikumuuliza yeye."

Akavaa kofia yake, akatoka, na wale wavuvi wawili wakamfuata. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele, mikono mitupu, sijui pa kuiweka.

Carte sikupata. Ilikuja karatasi kwamba ombi langu limewekwa kando mpaka nitakapopevuka zaidi, na nilipoisoma sikuhisi kitu.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kazi, nilishuka mpaka kwenye maporomoko. Papa alikuwa juu ya miti yake anavuta kikapu, maji yanaunguruma chini, na nilisimama ukingoni nikamwita, nikamwita tena. Sijui kama hakusikia. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwamba nilisoma vibaya, kwamba kitabu chenyewe kinatutetea, lakini nitayapigaje kelele maneno kama yale juu ya sauti ya mto? Saa ya kazi ikafika, nikaondoka. Jioni nikaenda nyumbani kwake nikapiga magoti nikayasema, naye akasema, "Yameisha, simama, suruali yako itachafuka." Hakuwa na hasira. Ningeipata hasira yake ningejua pa kuanzia.

Tangu siku ile sijasema nimesoma kitabu ambacho sijakisoma mpaka jalada la nyuma, na mtu akiniuliza watu wa mahali fulani walitoka wapi na nani aliwafundisha, namjibu kwamba akawaulize wenyewe. Nimeapa hivyo, na nimeshika. Lakini kiapo hakirudishi kitu. Papa aliishi miaka mingine mingi, tulikula pamoja, alinibebea mtoto wangu wa kwanza, tulizungumza juu ya samaki na paa linalovuja na bei ya chumvi. Ila kaka yangu aliyekuwa Bukavu alikuwa akimwandikia, na kabla ya Jumapili ile papa alikuwa akiniletea barua zake nimsomee, anakaa anafunga macho akisikiliza. Baada ya hapo zilipokuja nilimwona kwa dirisha. Alipita mbele ya nyumba yangu, bahasha mkononi, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama tumeamka salama, akaendelea na njia mpaka kwa katekista.