Vijiti vya Uzi wa Buluu

Majira yale ya baridi nilianza kuutazama mkono wa mume wangu mezani. Kijiko kilifika mdomoni nusu tupu. Supu iliyobaki iliishia kwenye fulana, naye akaifuta haraka kwa kipande cha mkate, kama mtu aliyekusudia kufanya hivyo. Kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili. Nikimwuliza, jibu lake lilikuwa moja tu: "Baridi." Ni kweli ziwa lilikuwa limeganda mpaka watu wakatembeza mbwa wao juu yake. Lakini jikoni kwetu kuni zilikuwa zinawaka, na mimi nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi.

Yvan Berney alikuwa fundi wa kingo. Huku bondeni kwetu, bonde la mafundi wa saa, ukisema hivyo huulizwi zaidi. Ndani ya saa za bei kubwa kuna vipande vya chuma vinavyoshika magurudumu, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto. Ukingo wa kila kipande hukatwa mshazari kwa tupa, kisha husuguliwa kwa mkono hadi ung'ae kama maji. Anayeivaa saa hatauona kamwe. Yvan aliingia karakana ya saa akiwa bado hajaota ndevu, akapewa meza chini ya dirisha la kaskazini, na hapo ndevu zikamtokea, zikajaa, zikaingia mvi. Hakuwa msemaji. Akifurahi alipiga mluzi. Akiudhika alinoa visu vyote vya nyumbani, hata kile cha siagi.

Kusugua huko hufanywa kwa kijiti cha jentiani, lile ua refu la njano la malishoni ambalo ng'ombe hawalili. Kila vuli tulipanda mlimani sisi watatu, mimi, Yvan na binti yetu Maelle, tukakata mabua yaliyokauka. Mimi ndiye niliyeyachagua, nikayakata urefu wa shubiri na kuyafunga mafungu: uzi wa buluu wa Yvan, uzi mwekundu wa Maelle, maana naye alikuwa amesomea kazi hiyohiyo na kuketishwa meza ya nyuma ya baba yake. Kijiti huchongwa ncha, hupakwa unga wa kung'arishia, huliwa na chuma, huchongwa tena. Fungu moja huwa limekwisha kabla theluji haijayeyuka.

Maelle naye alinipa wasiwasi. Alikuwa anarudi amechelewa, macho mekundu, hataki chakula. Mimi mawazo yangu yalikwenda mahali pamoja tu: mwanamume, tena mwenye mke. Nilinusa skafu yake alipoivua. Ilinuka spiriti ya karakana. Januari akaniuliza, "Mama, vipo vijiti vingine?"

"Vyako vimeisha vyote?"

"Vilikuwa vyembamba."

Nikampa nilivyoweka akiba, nikarudi kwenye wasiwasi wangu wa mwanamume.

Februari karakana ikafungulia familia milango. Siku nyingine wageni wa pale ni wale wanaoletwa na magari meusi kutoka Geneva, lakini Jumamosi ile tulipitishwa sisi njia yao. Makoti meupe, mifuko ya plastiki juu ya viatu, zulia la kunata linalonyonya vumbi la nyayo. Tulipita chumba cha dhahabu, ambako hata maji ya kunawia mikono hayamwagwi, huchujwa kupata vumbi la dhahabu. Tulipita kwa Josiane, mpachikaji wa vito, Mfaransa anayevuka mpaka kila alfajiri na kuvuka tena jioni. Huyo hamwachi mtu bila utani.

"Shoga, mwambie mumeo apunguze," akaniambia mbele ya watu wote. "Kila Ijumaa nakuta jibini kwenye droo yangu. Zipu za sketi zimegoma! Au ndiyo mnavyotongoza nyie Waswisi, taratibu hivyo?"

"Ukimsubiri atamke, utakuwa bibi," nikamjibu.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini jibini ile niliijua. Mimi kazi yangu ni kwenye ghala la jibini, kuziosha na kuzigeuza, na kila Alhamisi Yvan aliniomba nimletee boksi moja. Alisema ni ya chai ya saa nne, ya wote.

Tulipofika dirisha la kaskazini, Yvan alikuwa ameketi, mikono mapajani. Bwana Guignard, mkuu wa karakana, akamshika bega. "Huyu ndiye Bwana Berney. Anachokifanya hapa hakuna mashine iliyokiweza. Waonyeshe, Yvan."

Yvan akakaza kioo cha kukuzia jichoni, akachukua kipande kwa koleo ndogo. Niliiona koleo ikianza kucheza. Kipande kikaruka.

Katika karakana kitu kikianguka hakuna anayenyanyua mguu, asije akakikanyaga. Wote tuliganda, hata watoto. Maelle alikuwa ameshapiga magoti. Akakiokota pembeni ya kiti.

"Koti langu limekugonga mkono, baba. Nisamehe."

"Wewe binti, utatufilisi," Bwana Guignard akasema, watu wakacheka, tukaendelea.

Koti lake halikumgonga. Mimi nilikuwa nawatazama. Na kwa kuwa nilikuwa natazama, nikakiona kikombe cha bati mezani kwa Yvan, na ndani yake fungu langu la uzi wa buluu. Vijiti vilikuwa virefu vyote, shubiri kamili, kama nilivyovifunga siku ile ya vuli. Nikageuka nikaangalia meza ya Maelle. Vyake vilikuwa vipisi vifupi kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwashwa.

Nilimvuta kwenye chumba cha makoti.

"Nani anang'arisha vipande vya baba yako?"

"Mama, punguza sauti."

"Nimekuuliza."

"Anapiga tupa asubuhi, mkono ukiwa umetulia kidogo. Halafu anaviacha kwenye droo. Wakienda kula, mimi navimalizia. Na jioni, wakishaondoka."

"Yeye anajua?"

"Hajauliza. Nami sijasema. Mama, wakigundua watamtoa pale dirishani. Utakaa naye vipi huyo, bila ile meza?"

"Nipe mkono wako wa kulia."

Hakutaka. Nikauchukua mwenyewe. Shina la kidole gumba lilikuwa limevimba, la moto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Kikunje."

"Kimechoka tu."

"Nimesema kikunje, Maelle."

Hakikukunjika.

Njiani kurudi Yvan ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa akishika kitu kwa nguvu hatetemeki sana. Maelle alikuwa nyuma, amekificha kidole kwenye glavu. Nilikaa nikijua kwamba nikinyamaza, mume wangu atabaki na dirisha lake na binti yangu atapoteza mkono. Nikisema, mambo yatageuka. Sikuona njia ya tatu, na niliitafuta mpaka getini.

Kesho yake, Jumapili, nikiwa namenya viazi, nikasema.

"Yvan, unajua vipande vyako vinamaliziwa na nani?"

Akaweka gazeti chini.

"Najua kwamba si mimi."

"Ni nani basi?"

"Josiane. Ndiyo maana ya jibini. Sikutaka kumweka mtu katika aibu ya kushukuriwa kwa kitu kama hicho."

"Josiane anadhani unamtongoza."

Karibu acheke. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, kisha akaniona usoni. "Corinne. Ni nani?"

Nikamwita Maelle kutoka juu. "Mwonyeshe baba yako kidole."

Yvan aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, na mkono wa binti ukawa unatetemeka kwa kuwa ulikuwa ndani ya yake. Alijaribu kukikunja kidole polepole, kama anavyojaribu springi mpya. Maelle akauma mdomo.

"Tangu lini?"

"Tangu vuli, baba. Si kitu."

"Mimi nilikuwa naenda kula," Yvan akasema. "Nakaa kantini na wenzangu, nakula, nacheka. Na wewe uko pale."

Akatoa jiwe la kunolea, akapanga visu. Cha kwanza kilimkata. Akaendelea. Nilimfunga kitambaa naye ameshika cha pili.

Jumatatu alikwenda kwa Bwana Guignard kabla hajavaa koti jeupe, akakiri kwamba si yeye anayemalizia vipande vyake. Jina la Maelle hakulitaja. Bwana Guignard ni mtu mwema, hakumfukuza. Alimpa mkono, akatafakari juma zima, kisha akamwekea meza nyingine, kwenye ukumbi wa wageni, nyuma ya kioo. Hapo ndipo alipo hadi leo. Ana koti jeupe, ana ndevu za mvi, ana kipande kimoja cha chuma anachokisugua kutwa, na kipande hicho hakiingii kwenye saa yoyote. Anayewaongoza wageni husema maneno yaleyale, kwamba hakuna mashine iliyoweza. Mkono ukitetemeka wageni hudhani ni uzee, wanapenda, wanapiga picha. Kwenye dirisha la kaskazini amekalishwa kijana kutoka bonde la pili.

Maelle alipasuliwa kidole mara mbili. Daktari alisema tulichelewa kuja. Hawezi tena kushika koleo kwa zaidi ya muda wa kunywa kahawa. Yuko chumba cha mwisho, anaweka saa ndani ya maboksi yake.

Josiane bado anapata jibini kila Ijumaa. Yvan anasema akiacha itabidi aeleze.

Vuli hii tulipanda tena mlimani, watatu. Mfukoni nilikuwa na uzi wa buluu peke yake. Ukungu ulikuwa umelala ziwani na kengele za ng'ombe zilisikika upande wa chini. Maelle alibeba mfuko kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikata, nikakusanya, nikaanza kupima shubiri kama kawaida yangu.

"Hivyo vinatosha," Yvan akasema.

"Fungu halijajaa."

"Vya mwaka jana bado vipo. Chuma cha wageni nakigusa tu, hakili kijiti."

Nikavifunga hivyohivyo vichache nilivyokuwa navyo, uzi ukabaki mrefu, nikauzungusha mara nyingi mpaka ukaisha. Hatukuwa na kazi nyingine huko juu. Tukateremka.