Jeneza Fupi la Kocha Méthode

Kaka yangu Méthode alikuwa na futi sita na inchi tisa. Mpanda nzima ililijua hilo, isipokuwa kamati ya michezo.

Tulizaliwa Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi. Shuleni walimweka golikipa, maana hakuna aliyejua kazi nyingine ya mtu mrefu. Mwalimu mmoja mgeni ndiye aliyempa mpira wa kikapu, na baada ya miaka miwili akasajiliwa na timu ya Dar es Salaam. Alicheza huko miaka saba. Alipofunga, watu wa huku walimwita kijana wetu wa Katavi. Goti lilipochanika, akawa yule Mrundi. Timu ilimpa magongo mawili, yote mafupi, ikamsindikiza hadi stendi ya mabasi.

Akarudi kuwa kocha. "Kocha wa nini?" watu waliuliza. Ringi alizichomelea kwa nondo, mbao za magoli akazitengeneza mwenyewe kwa mninga, akazipaka rangi nyeupe na kuchora mraba mweusi katikati. Alianza na wasichana kumi na mmoja wa Magamba, wengi wao mabinti wa wafugaji, wenye miguu iliyozoea kukimbiza ng'ombe. Alipoomba saruji ya kusakafia uwanja, Bwana Thadei, mwenyekiti wa kamati, alimjibu mbele yangu:

"Kocha, huo ni mchezo wa mjini. Huku vikapu tunabebea mahindi."

Akacheka peke yake, tena kwa muda mrefu.

Wasichana waliposhinda mashindano ya Sumbawanga, Thadei ndiye aliyeshika kombe kwenye picha. Kaka yangu yuko nyuma yake, amekatwa kichwa.

Méthode alifariki Februari, kwa ugonjwa wa figo. Ndipo mapenzi ya kamati yalipofurika. Walileta shada la maua ya plastiki na jeneza lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, wakalikabidhi huku wakipigwa picha. Hakuna aliyekuwa amempima. Tulipomlaza, miguu ilibaki nje kuanzia katikati ya miundi.

"Mkunjeni magoti kidogo," Thadei akasema. "Marehemu haumii."

Mama alisimama. "Goti lile? Halikukunjika akiwa hai, baba, wewe utalikunja leo? Mwanangu hazikwi kama kuku kwenye tenga."

"Sasa tufanyeje, mama? Padre anasubiri, na picha tumeshapiga."

Nilikuwa na rozari mkononi. Mungu anisamehe nilichokiwaza.

Fundi seremala, Nestori, alilizunguka jeneza, akalipima kwa shibiri. "Naweza kulirefusha," akasema. "Lakini nataka mbao pana, kavu. Zangu zote ni mbichi, zitapinda kabla hatujafika makaburini."

Kija, nahodha wa timu, akawakonyeza wenzake, wakatoka. Walirudi wanne, wamebeba ubao wa goli begani.

"Nyie, sasa mtachezea wapi?" nikawauliza.

"Upande mmoja si upo, dada Candide? Tutacheza nusu uwanja. Kocha mwenyewe alisema mwenye akili nusu uwanja inamtosha, asiye na akili hata umpe Dar nzima."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Thadei naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Nestori alikata upande wa miguu, akaunga. Kaka yangu akalala amenyooka, mraba mweusi ukiwa juu ya nyayo zake. Thadei alitaka shada lifunike pale palipoungwa, akisema hapapendezi. Mama alilichukua, akalisogeza hadi kichwani, ili mraba uonekane.

Tukamshusha. Padre akaanzisha Baba Yetu, na mimi, niliyesali sala hiyo tangu utoto, nilinyamaza tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea.