Siku Baba Alipowanawisha Washenga

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, washenga walipotoka Mikumi kuja kwetu Kilosa kuniposa. Nakusimulia kwa sababu nimekusikia ukimwambia dada yako kwamba washenga wako wakija, mimi nikae chumba cha ndani, wasije wakaona ninavyoyumba. Masikio yangu bado mazima.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa mtu wa reli, kama baba yake aliyekuja huku kutafuta kazi akasahau kurudi kwao. Alikagua reli kwa miguu miaka mingi, na jioni tulimtambua kwa wimbo wake kabla hatujamwona. Nyumba ile ilikuwa na raha, naikumbuka mpaka leo. Basi taratibu miguu ikaanza kumwendea kombo. Akawa anatembea ameitanua, ulimi mzito, na akiinua kikombe mkono unazidi kutetemeka kadiri unavyokaribia mdomo. Mtaani wakasema anakunywa kwa siri, mtu ambaye hata togwa iliyochacha hakuigusa.

Kwetu desturi ilikuwa baba wa binti awanawishe washenga kwa mkono wake mwenyewe. Tulimsihi amwachie kaka yangu, akakataa katakata. Akashika birika, akalenga beseni, maji yakaishia kwenye kanzu ya mshenga mkuu. Wageni wakatazamana, wakaaga. Wali ukabaki kwenye sinia, nami nikalia jikoni, maana baba yako nilikuwa nampenda, sikufichi.

Aliyeniokoa ni Bi Zaituni, shangazi yake baba yako, aliyekuja na washenga hao. Aliwaambia wenzake watangulie, yeye akaomba kulala kwetu. Alfajiri nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akimtazama baba, ambaye alikuwa anahangaika na vifungo vya shati na hajatia kitu kinywani. Aliporudi Mikumi, nilihadithiwa baadaye, aliwakaripia wenzake bila kupandisha sauti.

"Mlevi akilala, pombe humtoka. Yule ameamka vilevile. Mmemkataa binti wa mgonjwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza anaumwa nini."

Ndipo nasi wa nyumbani tulipoona haya, tukampeleka baba hospitali Morogoro. Daktari akamwambia aguse pua yake kisha kidole cha daktari, halafu atembee kwenye mstari. Akatueleza kuwa huku kisogoni kuna sehemu iitwayo ubongo mdogo, inayoongoza mizani ya mwili. Ikiharibika, mtu ana nguvu lakini hawezi kuzipanga. Huharibiwa na mengi: kiharusi, uvimbe, maambukizi, pombe ya muda mrefu, upungufu wa vitamini, hata baadhi ya dawa. Mengine yakiwahiwa hutibika. La baba, daktari alipouliza habari za mama yake, ambaye naye aliyumba hivyohivyo uzeeni, likaonekana ni la kurithi. Dawa ya kuliondoa hakuna. Alipewa mazoezi na fimbo, akafundishwa kumeza polepole asipaliwe, akaishi nasi miaka mingi huku akitutania.

Washenga walirudi, na yote hayo baba yako aliambiwa kabla ya ndoa, akanioa hali anajua. Sasa zamu imenifikia mimi, na ndiye anayenishika mkono kwenda msalani. Tungemficha, leo huenda angenishika kwa kinyongo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mtu anayumba usiseme amelewa. Akianza ghafla, au ulimi ukiwa mzito ghafla, au upande mmoja ukilegea, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo. Akianza taratibu pia mpelekeni, msingoje aanguke. Na mchumba wako mwambie yote, pamoja na kwamba huenda nawe umerithi. Nendeni wawili mkazungumze na daktari. Washenga wakija nitakaa sebuleni na fimbo yangu. Atakayeondoka kwa sababu yangu, mwache aende mapema.

Mungu akupe miguu imara mpaka uzeeni, mwanangu. Na kama hakukupa, akupe mtu wa kukushika mkono.