Mkataba Unaoisha na Mashindano

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mpira. Ofisa utumishi wa chuo cha ualimu, pale Mbulu, alinikabidhi ufunguo wa stoo, gunia la jezi zilizonuka panya, na mkataba wa kurasa mbili. Nilisaini bila kusoma kwa sababu nilikuwa na hamu ya kazi, kisha nikashuka kiwanjani. Kiwanja kilikuwa cha mteremko, na kwenye goli la chini ng'ombe wa jirani walikuwa wakila majani. Nikawatoa, nikaanza kuchora mistari kwa majivu, maana chokaa ilikuwa haijanunuliwa. Jioni mke wangu, Paskalina, aliuchukua ule mkataba, akakaa karibu na dirisha, akausoma wote. Alipomaliza aliniuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza ofisa utumishi asubuhi.

"Baba Emanueli, mbona huu unaisha wiki moja baada ya mashindano?"

Ninyi mnaofundisha timu za vyuo leo mna leseni, mna filimbi nzuri, na mechi zenu zinarushwa kwenye simu kabla hata hamjafika nyumbani. Lakini nimeambiwa mkataba mnaosaini ni ule ule, kwa hiyo acha niueleze. Mwalimu wa darasani ni mwajiriwa; kocha ni mtu wa msimu. Msimu ulianza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiripoti, ukaisha na mashindano ya vyuo. Baada ya hapo bodi ya chuo ilikaa. Timu ikifanya vizuri unapewa mkataba mwingine, ikivurunda unapewa asante. Malipo yetu yaliitwa posho, na posho haikatwi chochote cha uzeeni. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya chuo, hivyo aliyepewa asante alihama wiki hiyo hiyo na sufuria zake na kuku wake.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mstaarabu sana. Alinikaribisha ofisini, akanimiminia chai ya maziwa kwa mkono wake, na kuniambia ukweli.

"Kocha Tluway, mimi mpira siujui. Ninachojua ni kwamba mzazi akiingia pale mapokezi akaona kombe, anamwacha mtoto wake hapa. Asipoliona, anampeleka kwa jirani zetu. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Chuo kiliishi kwa ada, na sisi wa kiwanjani tulikuwa tangazo lake. Nilikaa pale misimu mitatu. Wa tatu tulishuka kucheza Hanang, na hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha: vijana waliozoea ubaridi wa Mbulu wanakimbia vizuri mno nusu saa ya kwanza kule chini, halafu joto na vumbi vinawakata. Kocha mwenye akili anawazuia mwanzoni. Mimi niliwaachia, na baada ya mapumziko walisimama, tukafungwa. Mama mkuu alinimiminia tena chai siku ya kuniaga. Ilikuwa chai nzuri kuliko ile ya kwanza.

Kutoka hapo nilikwenda Haydom, kwenye chuo kidogo cha ufundi ambacho sasa hakipo. Watazamaji wetu wengi walikuwa ndugu wa wagonjwa waliolazwa kwenye hospitali kubwa ya pale, watu walioshuka kwenye mabasi ya mbali na kukaa kusubiri muda wa kuona mgonjwa. Walishangilia timu zote mbili, wala hawakumtukana kocha. Sijawahi kupata watazamaji wazuri namna ile. Bosi wangu pale alikuwa makamu mkuu wa chuo, na tatizo lake lilikuwa mamluki. Mamluki, kwa msiojua, ni mchezaji asiye mwanafunzi anayevalishwa jezi ya chuo na kupewa kitambulisho cha mtu mwingine.

"Kocha, pale stendi kuna dereva wa bodaboda anapiga mashuti, acha kabisa."

"Siyo mwanafunzi wetu, Makamu."

"Tutamfanya awe mwanafunzi."

"Wa kozi gani?"

"Ya dakika tisini."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na mkataba wangu haukuongezwa. Simlaumu sana, kwa sababu naye alikuwa na mkuu wake aliyemsubiri juu, na huyo mkuu alikuwa na bodi yake. Katika kazi yetu presha inaanzia juu na kushuka ngazi kwa ngazi, na kocha ndiye ngazi ya mwisho.

Chuo cha tatu kilikuwa cha mifugo, upande wa Balangdalalu, kule kule Hanang. Jina lake naliacha. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa maneno machache, aliyetembea na kifimbo na kukigonga kwenye kiatu akiwa anafikiri. Hapo ndipo nilipopata timu bora kuliko zote nilizowahi kufundisha. Mshambuliaji wetu wa kati aliitwa Gidamesh, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa wafugaji wa Dirma. Alikuwa na mguu wa kushoto mkali na utulivu mbele ya goli, ila mipira ya kichwa alikuwa hapigi. Aliniambia kwa heshima zote kwamba kichwa si cha kazi hiyo. Ilinichukua msimu mzima kumshawishi, na hata baadaye alikuwa akifunga kwa kichwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Tulishinda makundi, tukashinda nusu fainali. Siku iliyofuata mkuu aliniita.

"Kocha, bodi imenibana. Majirani wamefungua kozi zile zile tulizonazo sisi. Fainali ikipotea, mkataba wako sitautetea."

"Nimekuelewa, Mkuu."

"Siyo kwamba nakutisha."

"Najua, Mkuu."

Kifimbo kikagonga kiatu. Nilitoka nikamkuta Gidamesh ananisubiri nje.

"Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa. Wanamfungia mzee."

Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mzee mwenye heshima, na kwa wafugaji wa Hanang mzee wa namna hiyo hazikwi yakaisha. Wanamjengea kilima cha udongo juu ya kaburi, wanakiita bung'eda, ukoo wote ukishiriki kwa miezi, na siku ya kukifunga watu wanakuja kutoka mbali kunywa pombe ya asali. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijiona nawajua majirani zangu kwa sababu nilikulia milimani, hatua chache kutoka kwao. Kwetu sisi mtu anazikwa, mchungaji anaomba, watu wanakula, baada ya siku chache kila mtu anarudi shambani. Nikapima mambo yao kwa kipimo cha kwetu.

"Nenda, mwanangu. Siku tatu zitakutosha?"

"Mwalimu, siku ni ya wazee."

"Basi siku tatu," nikasema, na nikamwandikia.

Siku tatu zikapita. Fainali ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Gidamesh hakuwepo, na simu yake haikupatikana. Mkuu alinikuta kiwanjani.

"Mfuate. Mwambie asiporudi kesho, namfuta chuo. Hilo tu, atakuja mbio."

Nikapanda bodaboda kwenda Dirma. Njia nzima nilikuwa narudia yale maneno kichwani ili nikifika niyatoe bila kusita. Nilikuwa na watoto wawili shule, mke, na nyumba isiyo yangu. Kazi yangu yote ilikuwa imebaki kwenye mguu wa kushoto wa kijana mmoja, na nilikuwa nimepewa sentensi ya kumrudisha.

Nilimkuta. Alikuwa amejaa udongo mpaka kwenye viwiko, yeye na kaka zake na watu wengine wengi, wakikandika kilima kilichokuwa tayari kimenizidi urefu. Aliniona, akainamisha kichwa kunisalimu, lakini hakuiacha kazi. Baba yake mdogo, mzee mrefu aliyejifunga shuka jeusi, ndiye aliyenipokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mpira?"

"Ndiyo mzee. Nimemfuata kijana. Tuna mechi Jumamosi."

"Asali haijatosha," alisema. "Ikitosha tunafunga. Labda Jumatatu, labda Jumanne. Huyu ni mtoto wa kwanza, nafasi yake siku ile hashikiwi na mtu. Wewe mpira ukishindwa, inakuwaje?"

"Nafukuzwa kazi."

"Na nani?"

"Na mkuu wangu."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Ulimkosea?"

"Hapana, mzee. Ni utaratibu tu."

Alitikisa kichwa, akaagiza niletewe maziwa. Nilikaa pale nikinywa na kukiangalia kile kilima. Nitasema wazi nilichohisi: niliona wivu. Yule mzee alikuwa chini ya udongo, na bado alikuwa na nafasi yake ya uhakika kuliko mimi niliyekuwa hai. Hakuna bodi ingekaa kujadili kama anafaa kuendelea. Ile sentensi ya mkuu ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nilijua ikitoka Gidamesh atakuja, maana ng'ombe kadhaa wa ukoo walikuwa wameuzwa kwa ajili ya ada yake. Nikamaliza maziwa, nikashukuru, nikamwambia mzee kwamba kijana amalize kazi yake. Nikapanda bodaboda iliyokuwa ikinisubiri na kurudi.

Fainali tulifungwa moja bila. Niliyemweka mbele alikuwa kijana mzuri, lakini alipata nafasi mbili za wazi na zote akazipeleka mikononi mwa kipa. Mkuu hakunigombeza. Alisubiri bodi ikae, akaniita, akagonga kiatu, akasema, "Ulikuwa na la kumwambia yule kijana, hukumwambia." Nikasema ni kweli. Nilimwomba jambo moja, kwamba Gidamesh asifutwe, akakubali. Nadhani hata yeye alikuwa hana hamu ya kuwafuta watu wawili kwa mechi moja.

Tulikuwa tumeshatoa vyombo nje, tunasubiri gari la kukodi, ndipo Gidamesh alipotokea na mama yake. Mama alikuwa amevaa sketi yake ya ngozi na bangili mpaka kwenye viwiko, na mbele yao walikuwa wanaswaga mtamba mwekundu. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakusimama kwangu. Alipita moja kwa moja hadi alipokaa Paskalina juu ya godoro lililofungwa kamba.

"Wewe ndiye mke wake?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo unalala wapi?"

Paskalina alinitazama, kisha akamtazama yule mama. "Kwa shemeji yangu, Mbulu. Tukifika."

"Na kesho?"

Mke wangu akaanza kukaza kamba ya godoro. Katika vyuo vyote vitatu hakuna mkuu, makamu wala ofisa utumishi aliyewahi kumuuliza swali hilo. Wala mimi sikuwahi.

Mama Gidamesh akaongea kwa lugha yao kwa kirefu, na mwanawe akatafsiri huku akiangalia chini. "Anasema mzee amefungiwa vizuri, na mimi nilikuwepo. Anasema hii kazi ya mwalimu hawezi kuirudisha, haijui. Ila huyu mtamba ni wake mwenyewe, mama wa huyu ng'ombe alipewa yeye siku alipoolewa, baba mdogo hana neno. Anampa mama huyu, mke wako, siyo wewe mwalimu, samahani. Anasema kwetu mama mwenye ng'ombe wake hahamishwi ovyo."

Mtamba hakuweza kupanda kwenye gari lenye vyombo. Gidamesh na binamu yake walimswaga kwa miguu, wakapanda naye mlima mpaka kwetu. Paskalina akampa jina la Fainali. Alisema kila mtu katika nyumba yetu alikuwa ameshaitumikia fainali, sasa na yenyewe ituhudumie.

Niliendelea na kazi. Niliajiriwa tena, nikafukuzwa tena, mpaka magoti yakakataa na nikajistaafisha mwenyewe, kwa sababu mtu wa msimu hana wa kumstaafisha. Makocha vijana wakinitembelea huniuliza kuhusu mafao. Sina. Nyumba tunayoishi, kwenye shamba letu wenyewe, imejengwa na maziwa ya Fainali na watoto wake. Gidamesh ni ofisa mifugo, na ndiye anayewachanja. Nawaambia vijana wajitahidi kubadili ule mkataba kama wanaweza. Wana vyama, wana sheria, wana sauti ambazo sisi hatukuwa nazo. Ningependa kuona kocha wa chuo akipoteza mechi na kurudi nyumbani kwake kula chakula cha jioni.

Mikataba iliyofuata baada ya Balangdalalu niliileta nyumbani kila nilipoipata, nikaiweka mezani pale palipokuwa na mwanga. Paskalina hakuisoma hata mmoja. Aliniuliza tu kama nimekula, akachukua kibuyu chake, akatoka kwenda kukamua.